Maarifa kwa Wote: Sumaku na Umeme ni Ndugu wa Tumbo Moja



Kila mwaka baada ya mavuno, fedha kidogo inapoingia nyumbani, hutokea katika magulio yetu watu wenye vijisanduku na maneno matamu. Mmojawapo ni yule auzaye kitu akiitacho “sumaku ya mali”. Hutoa kipande cheusi, hukisogeza karibu na msumari, na msumari huruka ukanata. Kisha husema, “Mmeona kwa macho yenu! Kama ivutavyo msumari, ndivyo itakavyovuta wateja dukani, fedha mfukoni, na mume aliyepotelea mjini.” Wako watu wanaotoa bei ya mbuzi, na wengine bei ya ng’ombe mzima, kwa kitu ambacho fundi wa redio angewapa bure kutoka katika spika iliyokufa.

Mama mmoja mjane, msomaji wa ukurasa huu, ameniletea swali: “Bwana Karani, je, jambo hili ni kweli? Maana ile sumaku mimi mwenyewe niliiona ikivuta.” Swali lake ni la haki, wala si swali la mjinga. Macho yake hayakumdanganya, kwa sababu sumaku huvuta kweli. Ulaghai umo katika neno dogo lile “kama”: kama ivutavyo msumari, ndivyo itakavyovuta fedha. Basi leo tuichunguze sumaku: huvuta nini, hufika umbali gani, na nguvu yake hutoka wapi. Atakayesoma hadi mwisho, akafanya majaribio kwa mikono yake, hatauziwa upepo tena.

Sumaku haijui thamani

Sumaku huvuta chuma na pua, na madini mengine machache, kama nikeli na kobalti. Haivuti shaba, wala dhahabu, wala fedha, wala sufuria ya aluminiamu, wala mti, wala mtu. Bati la nyumba huvutwa, kwa sababu ndani yake ni chuma kilichopakwa madini yasiyoshika kutu. Ukitaka kuhakikisha, chukua sarafu ulizo nazo uzijaribu moja moja. Huenda baadhi yake zikanata, kwa kuwa ndani yake mna chuma, na nyingine zisitikisike hata kidogo. Waweza kuona sarafu ya thamani ndogo ikirukia sumaku, na pete ya dhahabu ikilala palepale. Sumaku haijui bei ya kitu. Inajua chuma tu.

Tena kila sumaku ina ncha mbili. Ukiitundika kwa uzi ikatulia, ncha moja huelekea kaskazini na ya pili kusini. Ukikutanisha ncha mbili za namna moja, zinasukumana. Ukikutanisha ncha zilizo tofauti, zinavutana. Hata ukiivunja sumaku vipande viwili hutapata ncha moja peke yake; kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili.

Nguvu yake nayo ina mpaka. Ukisimama mbali kidogo na sumaku ndogo, kisha ukazidisha umbali mara mbili, nguvu yake haipungui nusu tu, bali hubaki sehemu moja ya nane. Ukizidisha tena mara mbili, hubaki sehemu moja ya sitini na nne. Ndiyo maana sumaku inayong’ang’ania msumari kwa nguvu haiwezi kuuvuta msumari ulio upande wa pili wa meza. Je, itamvutaje mume aliyeko safari ya siku mbili?

Mchezo wa zamani sana

Mshangao huu si wa leo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika juu ya sumaku katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, alichokimaliza mwaka 426 hivi. Aeleza jinsi alivyoona pete ya chuma ikining’inia kwenye sumaku, na pete ya pili ikining’inia kwenye ile ya kwanza, na ya tatu kwenye ya pili, kama mnyororo usiofungwa. Aeleza pia habari aliyopewa na askofu mwenzake, Severus wa Milevi. Huyo alialikwa chakulani kwa mkuu mmoja wa serikali, na mwenyeji akaweka kipande cha chuma juu ya sahani ya fedha, akashika sumaku chini ya sahani. Mkono ulipotembea chini, chuma kilitembea juu, na sahani yenyewe isisogee.

Wasomaji wangu, mchezo ule wa sahani ni wa miaka 1,600 iliyopita, na hata leo mtu aweza kuufanya gulioni. Ukiona kitu kinatembea chenyewe juu ya sahani au karatasi, usitazame sahani. Tazama mkono ulio chini yake.

Uwanja wa sumaku

Sumaku yaweza kuvuta bila kugusa, kwa kuwa nguvu yake imeenea pande zote kuizunguka. Eneo hilo lililojaa nguvu huitwa uwanja wa sumaku, au uga wa sumaku kama watoto wafundishwavyo shuleni. Hatuuoni kwa macho, lakini twaweza kuona alama zake. Ifunge sumaku katika kipande cha plastiki, uiburure katika mchanga mkavu wa mtoni. Mahali pengi itatoka na chembechembe nyeusi. Hizo ni chembe za madini yenye chuma. Zikusanye, uzinyunyize juu ya karatasi, na sumaku ikae chini ya karatasi. Gongagonga karatasi polepole kwa kidole. Chembe zitajipanga kwa mistari iliyopinda, kutoka ncha moja hadi nyingine. Hiyo ndiyo picha ya uwanja wa sumaku.

Dunia yetu nayo ni sumaku kubwa. Mganga mmoja Mwingereza, William Gilbert, alilieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1600, na kwa njia hiyo watu wakaelewa kwa nini dira huonyesha kaskazini. Lakini uwanja wa dunia ni dhaifu. Wataalamu huupima kwa kipimo kiitwacho tesla, na huku kwetu Afrika ya Mashariki ni kati ya sehemu 30 na 35 tu katika sehemu milioni moja za tesla. Unaweza kugeuza sindano ya dira, lakini hauwezi kuinua hata pini.

Sindano iliyogeuka huko Copenhagen

Kwa karne nyingi wenye elimu walidhani kwamba sumaku ni jambo moja na umeme ni jambo jingine. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alitangaza betri yake, na tangu hapo watu wakaweza kupitisha mkondo wa umeme katika waya kwa muda mrefu. Hata hivyo ilipita miaka 20 kabla undugu wa sumaku na umeme haujajulikana vema.

Aliyeutangaza ni mwalimu wa chuo kikuu cha Copenhagen, nchi ya Denmark, jina lake Hans Christian Ørsted. Mwaka 1820, akiwa anafundisha, alipitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira. Sindano ikageuka! Alipoukata umeme, sindano ikarudi mahali pake. Hapakuwa na sumaku mezani zaidi ya ile sindano yenyewe, wala waya haukuwa wa chuma. Hivyo nguvu ilitoka katika mkondo wa umeme. Ørsted alirudia majaribio yake kwa makini, na mwezi wa Julai mwaka uleule akatoa karatasi ya kurasa nne kwa Kilatini, akaipeleka kwa wataalamu wa Ulaya.

Habari zilipofika Paris mwezi wa Septemba, Mfaransa André-Marie Ampère alishika kazi mara moja. Katika muda wa majuma machache alionyesha kwamba nyaya mbili zilizolala sambamba, zikipitisha umeme kuelekea upande mmoja, zinavutana. Zikipitisha kinyume, zinasukumana. Umeme na umeme, bila sumaku yoyote! Kwa heshima yake kipimo cha mkondo wa umeme huitwa ampea mpaka leo.

Kanuni yenyewe ni hii. Umeme upitapo katika waya ulionyooka, uwanja wa sumaku huuzunguka waya kama bangili uzungukavyo mkono. Ukiushika waya kwa mkono wa kuume, kidole gumba kikionyesha upande umeme uendako (kutoka ncha ya kujumlisha ya betri kwenda ncha ya kutoa), vidole vinne vilivyokunjwa vinaonyesha uwanja wa sumaku unavyozunguka. Mkondo wa ampea 1, kwa umbali wa sentimeta 1 kutoka katika waya, hutoa sehemu 20 katika zile sehemu milioni za tesla. Mkondo ukiwa ampea 2 uwanja huo hushinda ule wa dunia, na ndiyo maana sindano hukubali kugeuka.

Jaribu nyumbani

Msikubali maneno yangu bure. Fanyeni haya wenyewe, baba na mama pamoja na watoto.

Kwanza, chukua sindano ya kushonea. Isugue kwa ncha moja ya sumaku ya spika mbovu, kutoka tunduni hadi kwenye ncha kali, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, mara 40. Ilaze juu ya kipande cha bua kavu la muhindi, ukieleze katika bakuli la plastiki au la udongo lenye maji. Usitumie karai, kwa maana ni la chuma. Weka sumaku mbali. Sindano itazunguka polepole na kutulia, ikielekea kaskazini na kusini. Umekwisha kuunda dira.

Pili, chukua waya wa shaba uliovikwa plastiki, urefu wa mita moja, na jiwe moja jipya la tochi. Unyooshe waya juu ya sindano, karibu sana bila kuigusa, ukielekea kama sindano inavyoelekea. Mwenzako aguse ncha za waya kwenye ncha mbili za jiwe la tochi kwa sekunde moja. Sindano itageuka. Geuzeni jiwe la tochi, mguse tena. Sindano itageukia upande wa pili. Hapo mmefanya kwa mikono yenu lile jaribio la Ørsted.

Tatu, chukua msumari wa inchi nne na waya mwembamba mrefu zaidi, uuzungushie msumari mara 100, mizunguko yote ikielekea upande mmoja. Ikiwa waya ni ule uliopakwa vanishi, kwangua ncha zake kwa wembe. Unganisha na jiwe la tochi, ukausogeze msumari kwenye pini. Pini zitanata. Ukikata umeme, nyingi zitaanguka. Kila mzunguko una uwanja wake, na nyanja hizo zote hujumlika ndani ya msumari, na chuma cha msumari huzidisha nguvu. Chuma laini hupoteza karibu nguvu yote umeme unapokatika, bali sindano ya pua hushika nguvu na kuitunza. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon, aliyewahi kuwa fundi viatu na askari, alionyesha chuma cha namna hii chenye uzito wa gramu 200 hivi, kikainua mzigo wa kilo 4.

Angalieni sana: tumieni jiwe la tochi tu. Msiguse kabisa umeme wa nyumba, wala betri ya gari, wala betri kubwa ya sola, kwani huua au huunguza. Hata kwa jiwe la tochi msiunganishe zaidi ya kuhesabu tano, kwa sababu waya hupata moto na jiwe huisha upesi.

Na kile kipande cheusi?

Mtu atauliza, “Sumaku ya kawaida haina waya wala betri, umeme wake uko wapi?” Ampère mwenyewe alibuni kwamba ndani ya sumaku mna mikondo midogo mno isiyoonekana. Alikaribia kweli. Siku hizi twajua kwamba ndani ya kila atomu zimo elektroni, chembe zenye umeme, na kila elektroni ni kama sumaku ndogo sana. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbili mbili zikielekeana kinyume, nguvu zao zikafutana. Katika chuma baadhi yake hazifutani, na zikipangwa kuelekea upande mmoja, kama watu wanaovuta kamba pamoja, kipande chote huwa sumaku. Ulipoisugua sindano ulikuwa unazipanga.

Kwa sababu hiyo mpango ukivurugwa, sumaku hufa. Sumaku ipigwayo sana kwa nyundo hudhoofika. Na chuma kikipata moto wa digrii 770, hakishikwi na sumaku kabisa. Mhunzi akivukuta hata chuma kikawaka wekundu wa kung’aa, aweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Sumaku ya kuvuta bahati ingeogopaje makaa?

Sumaku ya mali iliyo ya kweli

Lakini msidhani nasema kwamba sumaku haileti mali. Huileta, kwa njia nyingine kabisa.

Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi huko Uingereza. Shule aliyosoma ilikuwa kidogo, akawekwa kufundishwa kazi ya kujalidi vitabu, na vile vitabu alivyovijalidi akavisoma. Alijiuliza: ikiwa umeme huzaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Mwaka 1831 akapata jibu. Sumaku iliyotulia ndani ya mizunguko ya waya haifanyi kitu. Lakini ikiingizwa au ikitolewa, wakati ule inapotembea, umeme hupita katika waya. Siri ni mwendo.

Dainamo ya baiskeli yafanya kazi hivyo: gurudumu huzungusha sumaku karibu na mizunguko ya waya, na taa inawaka. Katika bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, maji huzungusha mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Humo nguvu ya maji hugeuzwa umeme kwa kanuni ileile, sumaku zikizunguka mbele ya nyaya. Umeme ukifika kijijini kwenye mashine ya kusaga, kazi hugeuka: mkondo hupita katika mizunguko ya shaba ndani ya mota, huzaa uwanja wa sumaku, uwanja huo husukuma mhimili, na mahindi yanasagwa. Redio nayo husema kwa sababu mkondo hupita katika mizunguko midogo iliyo kati ya sumaku ya spika, ukaitikisa karatasi, na sauti ikatoka. Mama aliyekuwa akitwanga kutwa nzima, sasa anasaga debe lake na kurudi shambani. Hiyo ndiyo sumaku iliyoleta mali, na haikuhitaji kufukizwa wala kufichwa chini ya kitanda.

Jibu kwa mama

Basi mama yangu, jibu langu ni hili. Fedha zako za mahindi zisitoke kwa ajili ya kipande kile. Sumaku ya kweli yaweza kujaribiwa na mtu yeyote, mchana, mbele ya watu wote, na kila mara itafanya jambo lilelile. Muuzaji akikuambia kwamba yake hufanya kazi usiku tu, au baada ya siku arobaini, au kwamba imeshindwa kwa sababu ulikuwa na mashaka, ujue hapo hazungumzi tena habari za sumaku. Mwulize jambo moja tu: “Ivute sarafu hii ya shaba iliyo mkononi mwangu.” Kisha ungoje.

Kuna onyo jingine kwa wazazi wote. Siku hizi ziko sumaku ndogo kama punje, zenye nguvu nyingi, katika vitu vya kuchezea na katika vipuli vya kubana. Mtoto akimeza mbili, zaweza kuvutana zikibana utumbo katikati na kuutoboa. Mtoto akimeza sumaku, hata kama anacheka na kucheza, mpelekeni hospitali saa ileile. Msingoje itoke yenyewe.

Mwisho, swali kwa watoto. Mmepewa vipande viwili vya chuma vinavyofanana kwa sura, urefu na uzito. Kimoja ni sumaku yenye ncha zake miishoni. Cha pili ni chuma tupu. Hamna uzi, wala pini, wala kitu kingine chochote. Mtajuaje kipi ni sumaku? Fikirini mahali nguvu ya sumaku ilipo na mahali isipo. Jibu nitalitoa juma lijalo. Atakayelipata kabla yangu awaeleze wenzake shuleni.

Wasalaam,
Karani wenu wa parokia